Hisabati Kama Somo Dogo: Udogo Wake Uko Wapi?

Jamani, nani aliwadanganya watu kwamba ukiisoma hisabati chuoni kama somo dogo, yaani la pembeni ya shahada yako kuu, itakuonea huruma? Mara nyingi mtihani ni uleule wa wanaoichukulia shahada nzima. Na kozi zimeshikana mikia: bila Kalkulasi ya Kwanza huingii ya Pili, na ukifeli moja unasubiri hadi itakapofundishwa tena. Ndiyo maana ratiba hupangwa kinyumenyume, kuanzia kozi ya mwisho.

Ila kinachomaliza watu ni mambo ya sekondari! Mtu limiti (ile thamani ambayo hesabu inaikaribia) kaielewa vizuri, halafu anaandika kwamba kipeuo cha pili cha x² + 9 ni x + 3. Haya, weka x = 4: 16 jumlisha 9 ni 25, kipeuo chake 5. Yeye ana 7. Mbili za juu kazitoa wapi? Kikokotoo nacho kimeachwa kwenye radiani badala ya digrii, sin 30 inatoka −0.988, mtu ananakili tu wala hashtuki.

Sasa njoo kwenye intigrali ya eˣ sin x, kituko chenyewe. Unafanya intigresheni kwa sehemu: kipande kimoja unakiita u na kukitofautisha, kingine unakiintigreti. Hapa u ni sin x. Inazaliwa intigrali ya eˣ cos x. Unarudia, u ni cos x, na lile swali la mwanzo linakurudia likiwa na alama ya kutoa. Wengi hapo wanafuta kila kitu. Usifute! Lihamishie upande wa pili, zinakuwa mbili, gawa kwa 2: eˣ(sin x − cos x)/2 + C. Lakini ole wako raundi ya pili ubadilishe, u iwe eˣ. Unarudi ulikotoka, jasho lote hilo kupata 0 = 0. Ni kweli kabisa, na haina alama hata moja. C nayo, ile namba yoyote isiyobadilika ya mwishoni, ukiisahau, wanakata.

Kisha uthibitisho. Onyesha kwamba x² inaelekea 4 x ikielekea 2. Umepewa epsilon, yaani x² iwe karibu na 4 kiasi gani; tafuta delta, yaani x awe karibu na 2 kiasi gani ili hilo litimie. Kwanza mbane x asitoke 2 kwa zaidi ya 1, ili x + 2 isizidi 5. Delta ni ile ndogo kati ya 1 na epsilon gawa kwa 5. Mwingine anajaribu 1.9, 1.99 na 1.999, anafunga daftari kwa furaha. Mhadhiri anaandika pembeni: "Na zilizobaki?"