Duxford: wahi asubuhi, ukaone injini zikiwashwa

Watu wengi wanaokwenda Duxford siku ya maonyesho kuangalia ndege za Vita vya Pili vya Dunia hufika mchana, wakati za kwanza zinakaribia kupaa. Hao wanalipa tiketi nzima na kuona nusu ya shughuli. Ndege ikiwa angani utaona umbo lake na kusikia mngurumo, basi. Udhaifu wake, na akili ya waliouzunguka udhaifu huo, utauona ikiwa bado chini.

Duxford iko kusini mwa Cambridge, Uingereza. Agosti 1938, Kikosi namba 19 cha jeshi la anga kilipokea hapo Spitfire, ndege za kivita, za kwanza kuingia kikosini. Leo ni makumbusho yenye njia ya kurukia inayofanya kazi. Kutoka London, panda treni Liverpool Street, ushuke Whittlesford Parkway. Nunua tiketi mapema, na uangalie kama ya kuzisogelea ndege zilizopangwa mstarini inauzwa peke yake. Kama ni hivyo, inunue, na uitumie asubuhi, maana eneo hilo hufungwa kabla maruko hayajaanza.

Anza na Dakota, ndege ya usafirishaji yenye injini mbili. Kwa Afrika Mashariki huyu si mgeni: East African Airways iliziendesha kwa miaka mingi baada ya vita. Injini yake ni ya nyota, silinda 14 zimezunguka duara kama spoki za baiskeli, na zile za chini zinaning'inia vichwa chini. Ndege ikilala siku kadhaa, oili hupenya taratibu kwenye ringi za pistoni na kujaa kwenye silinda hizo za chini. Oili haishindiliki kama hewa. Ukipiga stata hivyo hivyo, pistoni inapanda, inagota, na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Balaa ni kwamba injini inaweza kuwaka vizuri siku hiyo, halafu konrodi hiyo ikakatika wiki mbili baadaye ndege ikiwa juu.

Ndiyo maana utawaona mafundi wawili watatu wakivuta pangaboi kwa mikono, wakipokezana. Swichi za magneto, mtambo wa kutoa cheche, zimezimwa, lakini wanaishika pangaboi kama vile iko hai: viganja bapa, vidole havikunjwi, na kila anayevuta anapiga hatua kwenda nje, mbali nayo. Wanahesabu kwa sauti. Pangaboi ya Dakota ina mapanga 3. Wakivuta 9 au zaidi, kila silinda imemaliza mzunguko wake zaidi ya mara moja. Ikigoma katikati, fundi mzuri hailazimishi, wala hairudishi nyuma. Kurudisha nyuma kunaisukuma oili kwenye bomba la kuingizia hewa, na injini ikiwaka inaivuta tena ndani. Dawa ni kufungua plagi za silinda za chini na kuiacha ichuruzike. Ule moshi wa bluu unaoshangiliwa na watoto injini inapowaka ni mabaki ya oili hiyo hiyo.

Injini ya familia hiyo ndiyo iliyoibeba Catalina, ndege ya baharini inayoweza kukaa hewani zaidi ya saa 20. Wakati wa vita Catalina zilikuwa na kituo Kipevu, Mombasa, zikisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Ukiikuta mstarini, tazama ncha za mabawa: zile ni boya zake, zimekunjwa juu.

Spitfire ina shida ya kinyume. Injini yake, Merlin, silinda 12 na lita 27, hupozwa kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli, na rejeta ziko chini ya mabawa. Angani, hakuna taabu. Chini, pangaboi haizipulizii upepo wa kutosha, na mguu wa gurudumu la kulia ukiwa umeshuka unaikinga rejeta ya upande huo. Kwa hiyo inachemsha, na upesi. Rubani anasubiri maji yafike nyuzi 60 na oili nyuzi 15 ndipo apae, lakini akikwama kwenye foleni sindano inazidi kupanda huku anaitazama. Ukiona Spitfire imezimwa ghafla pembeni, usidhani imeharibika. Rubani kafanya la maana.

Ikitembea, itazame inavyopiga chenga kushoto na kulia. Pua imeinuka, mbele haonekani mtu, kwa hiyo rubani anachungulia kwa pembeni. Ukiwa karibu utasikia "fsss" fupi fupi: hizo ni breki za magurudumu, zinazoendeshwa kwa upepo uliobanwa. Akizibana kwa pupa, mkia unanyanyuka na pangaboi inagonga lami. Hapo injini nzima inafunguliwa ikaguliwe, hata kama kilichovunjika ni panga moja. Magurudumu nayo yamekaribiana, kama mita 1.7 tu, maana miguu imefungwa karibu na kiwiliwili. Hurricane, ndege nyingine ya kivita iliyo jirani yake, imetanua miguu na inatua kwa utulivu zaidi. Kwa maoni yangu inastahili macho mengi kuliko inayopata.

Picha: uzio wa watazamaji unatazama kusini, kwa hiyo mchana jua liko usoni na ndege zinatoka nyeusi tii. Kasi ya shata ya kamera iwe kati ya 1/160 na 1/250 ya sekunde. Ukiweka 1/2000 pangaboi inaganda, na ndege inaonekana imezimika angani.

Wapo wanaolalamika kwamba siku hizi ndege zinapita mbali. Agosti 2015, huko Shoreham, ndege ya jeti aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wa wima ikaangukia barabarani. Watu 11 walikufa, na hawakuwa ndani ya uwanja. Masharti ya umbali yalikazwa baada ya hapo, na sioni cha kulalamikia. Ila wanaojibanza kando ya barabara nje ya uzio ili wasilipe kiingilio, hao siwaelewi kabisa.

Onyesho likiisha usikimbilie gari, foleni ya kutoka ni ndefu na haina haraka. Rudi kwenye uzio. Mafundi watakuwa wanasukuma mabeseni chini ya injini za Dakota, na oili imeshaanza kudondoka.