Mnyama Aliyezoea Watu Ndiye wa Kuogopwa

Banda la wanyama hai ni kati ya mabanda yanayojaza watu wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma. Mzazi kutoka Bahi au Chamwino anambeba mtoto mabegani ili amwone simba, na kwa familia nyingi huyo ndiye simba pekee watakayemwona maishani, ingawa Ruaha si mbali sana na Dodoma. Nauli, malazi na gari la kuzungukia hifadhini havimudu mkulima wa mtama. Kwa hiyo mtetezi wa kufuga wanyamapori anayesema wanyama hawa wanafundisha anasema kweli. Ni vigumu kumwomba mtu alinde kitu asichowahi kukiona, hasa kama anachokijua kuhusu tembo ni shamba lake lililokanyagwa.

Hoja ya pili ya wanaotetea kufuga wanyamapori ina uzito zaidi, maana inatoka kwenye huruma. Tumbili anavamia mahindi, mwenye shamba anamuua, kisha anakuta katoto kamemng'ang'ania mama yake kifuani. Nani ana roho ya kukaacha pale? Kanapelekwa nyumbani, kanapewa maziwa, watoto wanakapa jina. Mambo mengi ya namna hii huanza hivyo, bila mtu yeyote kukusudia biashara wala ubaya.

Shida iko mbele. Tumbili dume akifikisha miaka mitano hivi ni dume kamili, ana chonge ndefu, na katika maumbile yake lazima ajue nani yuko juu yake na nani yuko chini. Porini angelimaliza jambo hilo na madume wenzake. Nyumbani anaanza na aliye mdogo, yaani mtoto. Nilimwona mmoja kwenye mgahawa, njia ya kwenda Mtera, kafungwa kamba kiunoni chini ya mwarobaini. Manyoya chini ya kamba yalikuwa yameisha, ngozi imebaki nyekundu. Wateja wanamrushia biskuti, yeye anainua nyusi mpaka kope zake nyeupe zinaonekana, nao wanacheka wakidhani anawachezea. Kwa tumbili hicho ni kitisho. Msichana mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono karibu na uso wake, na hakuna mtu mzima aliyemzuia mpaka nilipomwita.

Ndiyo maana siwaafiki wanaosema mnyama akilelewa tangu utotoni hana madhara. Porini, kinachomlinda mtu mara nyingi ni hofu ya mnyama mwenyewe. Ukimlea unamwondolea hofu hiyo, meno unamwachia. Na kumrudisha porini si kumfungulia kamba tu: atawafuata watu, ataingia majikoni, na asiyemjua atampiga rungu.

Ng'ombe wa Wagogo ana historia nyingine kabisa. Alichaguliwa kizazi kwa kizazi, kwa maelfu ya miaka, wakali wakichinjwa na wapole wakizalishwa. Pundamilia anafanana na punda, na Wajerumani walipotawala nchi hii walijaribu kumfunza kazi za punda, wakashindwa. Ustadi wa mfugaji nao hauzibi pengo hilo. Oktoba 2003, huko Las Vegas, chui milia aitwaye Mantecore alimuuma shingoni mwanamazingaombwe Roy Horn katikati ya onyesho, mbele ya watazamaji. Horn alikuwa mzoefu wa miongo mingi na alikuwa akipanda jukwaani na mnyama huyo kwa miaka. Alipona, lakini na ulemavu.

Nitaulizwa kuhusu panya buku wa Morogoro. Swali zuri. Magawa, panya aliyezaliwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na kufunzwa na shirika la Apopo kunusa mabomu ya ardhini, aligundua mabomu zaidi ya 100 huko Kambodia na akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Hao ninawakubali: wanazalishwa kituoni, wana wataalamu, na kazi yao inaokoa maisha. Ngoma za nyoka za Wasukuma nazo ni urithi, na wachezaji wamefundwa na wazee wao. Ninachokiogopa pale ni kijana wa pembeni anayeomba kuvishwa chatu shingoni apigwe picha.

Kuna pia hatari isiyong'ata mtu, nayo inatugusa sana sisi wa kanda ya kati. Kwenye miamba yetu anaishi kobe bapa, mwenye gamba laini, anayejibana kwenye nyufa. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mkupuo. Wanunuzi wa ng'ambo walimpenda kama mnyama wa nyumbani, na wakusanyaji wakawa wanapasua miamba kumtoa. Ufa ukishabomolewa, hakuna kobe mwingine atakayehamia. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ulimpandisha kwenye daraja la ulinzi wa juu kabisa, ambalo linakataza kumuuza nje aliyekamatwa porini kwa biashara.

Sheria ya wanyamapori ya 2009 inasema wanyama hawa ni mali ya umma, na kukaa na mmoja bila kibali ni kosa. Wapo wanaoona vibali ni kwa ajili ya wenye fedha tu, na malalamiko hayo yana msingi, kwa sababu gharama ya kujenga mabanda yanayotakiwa si ya mtu wa kawaida. Lakini gharama hiyo ndiyo inayomtenganisha mnyama na mkono wa yule msichana. Aliyeokota katoto ka tumbili akakabidhi kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au ofisi ya wanyamapori ya wilaya mapema, kabla watoto hawajakapa jina. Akishang'atwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maana dalili zikianza karibu hakuna anayepona.

Na Nzuguni? Simba aendelee kuonyeshwa, ila pawe na uzio wa pili unaomweka mtoto mbali na nondo, kivuli cha kutosha, na saa ambazo banda linafungwa ili mnyama apumzike kutokana na kelele za spika.