"Yabai" ni hatari, si "nzuri sana"

Juzi usiku nilikuwa natazama video ya binti mmoja wa Osaka, Japani, amesimama kibandani anakula takoyaki, yale madonge ya unga yenye kipande cha pweza ndani. Kwa nje yanaonekana yametulia, kumbe ndani ni uji wa moto. Akabugia moja zima. Macho yakamtoka, akaanza kujipepea mdomoni kwa kiganja: "Yabai!" Nikajua kaungua. Akameza, akacheka, akarudia: "Yabai, meccha umai!" ("meccha umai" ni "tamu mno"). Chini ya skrini tafsiri ya mashine ikaandika: "Ni kizuri sana."

Kizuri sana! Kama mgeni rasmi aliyelishwa keki.

Yabai maana yake ya asili ni hatari, mambo yameharibika. Inahusishwa na lugha ya wezi na wahuni waliohofia kudakwa. Mpaka leo ukikosa treni ya mwisho usiku, ni yabai. Ukikumbuka asubuhi kwamba leo ni mtihani, yabai. Lakini vijana wameigeuza ikawa sifa. Katika utafiti wake wa mwaka wa fedha 2014, idara ya utamaduni ya serikali ya Japani iliuliza watu kuhusu neno hili, na zaidi ya 9 kati ya 10 wenye miaka 16 hadi 19 walisema hulitumia kusifia. Kwa wenye miaka 70 na zaidi ilikuwa kinyume kabisa.

Sasa sisi wa Kiswahili tunahangaika nini kuitafsiri? Mshambuliaji akiwapiga chenga mabeki watatu, nani kijiweni anasema "mzuri sana"? Tunasema jamaa ni hatari. Tunasema noma. Sugoi nayo, ambayo kila mtazamaji wa katuni za Kijapani anaijua, zamani ilibeba maana ya kitu cha kuogofya. Kwetu: "Mzee, unatisha!" Safari ileile, kutoka woga hadi sifa, na wala hatukuazimana.

Ninayoipenda kuliko zote ni "tenshon agaru". Wajapani walichukua neno la Kiingereza la mvutano na wasiwasi, wakaligeuza kuwa uchangamfu, halafu wakasema linapanda. Wimbo ukikolea, tenshon inapanda. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kamusi hapo: mzuka umepanda.

Wapo watakaosema natetea uhuni. Hapana. Binti yule akialikwa chakula na bosi wake hatasema yabai, atasema "totemo oishii desu", na hapo "ni kitamu sana" inakaa vizuri kabisa. Tatizo ni kumvalisha mtu tai akiwa kibandani.

"Yatta!" nakiri imenikwamisha. Ni kitenzi cha kufanya kikiwa katika wakati uliopita, na hupigwa kelele matokeo yakitoka, au timu ikifunga. "Nimeweza" ina ubaridi. Mdogo wangu anapendekeza "tumetoboa", ambayo kwa mtihani naikubali, ila kwa mtu aliyepata soksi zake zilizopotea inazidi kidogo.

Nikairudia video hadi mwisho. Binti alichukua donge la pili, hakupuliza, akalibugia vilevile. "Yabai," akasema, machozi yanamlengalenga. Hiyo ya pili hata mimi sijui niiandikeje.