Jicho linalomcheza Johnny English

Kila anapotajiwa Msumbiji, jicho la Johnny English, yule jasusi wa Uingereza wa sinema za vichekesho anayechezwa na Rowan Atkinson, linamcheza. Anajikaza kisabuni, lakini kope inaruka yenyewe, na aliye mbele yake anajua kabisa kwamba pale pana kidonda. Kwa jicho hilo tu mimi niko upande wa sehemu ya pili ya sinema zake. Najua wengi wa rika langu wanaishikilia ile ya kwanza ya mwaka 2003, na wakisikia mtu anaisifu Johnny English Reborn ya 2011 wanaona amepotea. Naomba wanisikilize.

Ya kwanza niliiona kibanda umiza, Temeke, kwa shilingi 100, nimebanwa kwenye benchi na jasho la watu wawili. Mtafsiri wetu alikaa pembeni ya televisheni na maiki yake, na siku ile alifanya kazi kweli kweli. Ilibidi atueleze kwamba Pascal Sauvage, yule Mfaransa anayechezwa na John Malkovich, ni tajiri wa magereza. Kwamba analitaka taji la Uingereza ili aigeuze nchi nzima kuwa gereza la dunia. Kwamba vito vya ufalme vimeibwa kwenye Mnara wa London. Tena ilibidi atueleze James Bond, yule jasusi maarufu wa sinema za Uingereza, ni nani, maana nusu ya utani wa sinema ile unamgusa yeye. Neal Purvis na Robert Wade, wawili kati ya waandishi wake, ndio hao hao walioshiriki kuandika filamu za Bond zenyewe za 1999 na 2002. Nyumba waliyokuwa wanaitania waliijua hadi jikoni. Sisi wa kwenye benchi hatukuijua, kwa hiyo tulisubiri mtafsiri amalize ndipo tucheke.

Isipokuwa pale makaburini. English anafukuza gari la maiti, linampotea, anaangukia msiba wa watu wengine kabisa. Anaamini jeneza lina vito vya wizi, kwa hiyo anawakejeli wafiwa mbele ya kaburi, anawasifu kwa kujua kulia. Kibanda kilitaka kuanguka. Kwetu msibani hata mlevi anajirekebisha shati kabla hajaingia, sasa huyu na suti yake anawacheka waliofiwa! Halafu anatokea msaidizi wake, Bough, anawaambia wafiwa kwamba huyu ni mgonjwa wa akili aliyetoroka, anamshika mkono na kumwondoa taratibu. Ben Miller alimcheza Bough kwa upole mkubwa, kama ndugu anayemfunika ndugu yake nguo mbele za watu. Sehemu ya pili haina Bough. Miller alirekodi kipande chake, wakakikata. Hilo siwezi kulitetea.

Lakini mwangalieni vizuri English wa 2003. Hana aibu. Anapewa ulinzi wa mazishi ambako majasusi wote wa nchi wamekusanyika, bomu linalipuka, wanakwisha wote, na yeye anatembea kama mtu aliyemwaga chai. Mwisho anapewa cheo cha Sir. Tunamcheka sana, ila hakuna chochote kinachomfika. Ukitoka kibandani umeshamsahau yeye, unakumbuka vituko vyake.

Wa 2011 amefikwa. Rais wa Msumbiji aliuawa yeye akiwa mlinzi, amenyang'anywa usir wake, amekimbilia kwenye monasteri ya Tibet kujifundisha upya. Rowan Atkinson alikuwa na miaka 56 na hakuificha. Kuna mbio za Hong Kong ambazo kwangu mimi ndizo kilele cha sinema zote hizo: kijana mwepesi anayefukuzwa na English anaruka uzio, English anafungua lango na kupita, kijana ananing'inia na kushuka kama nyani, English anachukua lifti. Hatoki jasho, hakunji suti. Na anamkaribia! Kwa mara ya kwanza tunacheka kwa sababu mzee ana akili, na bado tunajua kwamba hatua ya pili anaweza kuharibu kila kitu.

Anaharibu. Msaidizi wake mpya ni Tucker, kijana anayechezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda, miaka mingi kabla hajachukua Oscar. Tucker anamgundua msaliti, jasusi mwenzao Simon Ambrose, anambana, na English anamfukuza Tucker na kumwamini Ambrose. Uso wa Kaluuya pale unauma. Baadaye English hana budi kumrudia yule kijana aliyemdhalilisha na kumwomba warudi kazini pamoja. Katika sinema ya kwanza Bough alistahili kuombwa radhi mara kumi, sikumbuki akiombwa hata moja. Ya tatu ya 2018 ilimrudisha Bough, nilifurahi kumwona, lakini ile aibu ikatoweka tena.

Adui wa sehemu ya pili ni hafifu ukimweka karibu na Malkovich, hilo sibishi. Kinachonisumbua zaidi ni Msumbiji yenyewe. Wameitaja ili kope iruke, basi. Rais anakufa, hatujui nchi yake ilibaki vipi. Kwa mtazamaji wa Ulaya hilo ni jina tu la mbali. Sisi ni majirani. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kiongozi wake Eduardo Mondlane akauawa humu humu mjini kwa bomu la kwenye kifurushi, Februari 1969, na Rais Samora Machel wa Msumbiji alipoanguka na ndege kule Mbuzini, Afrika Kusini, mwaka 1986 watu wazima walilia huku Tanzania.

Reborn niliiangalia nyumbani na baba, bila mtafsiri. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Kilipofika kikao cha Waziri Mkuu, English ameketi kwenye kiti cha kupanda na kushuka, kiti kinaanza kuzama, kinapanda, kinazama tena, na yeye amekaza uso anasikiliza mambo ya dola, baba alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mwaka 1969 alikuwa kijana hapa hapa Dar. Sinema ilipokwisha alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, ile ya rais wa Msumbiji hawakupaswa kuifanyia mzaha." Nikamwambia kweli, baba. Akatulia tena. Halafu akaniomba nirudishe pale pa kiti.