Gari Ina Mkonga, Difu Hazina

Watu wakisema "leo nabadilisha oili", wana maana ya injini. Wana raha zao. Sisi wenye foo wili tukisema hivyo inabidi tuulizwe: oili ipi? Huku chini kuna gia boksi, kuna transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma, kuna difu ya mbele, kuna difu ya nyuma, yale mabonge ya gia katikati ya ekseli, kila moja na tundu lake la kujazia, tundu lake la kumwagia, na maumivu yake dukani. Land Cruiser ya zamani kama yangu, ukijumlisha zote nne, inavuka lita 10. Na hapo injini hujaigusa.

Wala nisingelala chini ya gari siku ya mapumziko kama si shemeji. Aliiazima kwenda msibani, njiani akakuta mto umejaa, wenzake wote wamesimama kando wanasubiri maji yapungue. Yeye akapita. Kurudi anajisifu sebuleni kwangu, ananyonya mfupa wa kuku wangu: "Shem, gari yenye mkonga haiogopi maji!"

Mkonga, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, ni wa injini, shemeji! Difu zina kitundu chao cha kupumulia, nacho kiko hukohuko chini. Difu imetoka kukimbia lami, imechemka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inanywea na inavuta chochote kilicho karibu. Karibu kuna nini? Mto. Unaingia kwa kitundu hicho, unaingia kwa sili zilizochoka. Nilipofungua difu ya nyuma haikutoka oili, ilitoka chai ya maziwa.

Lakini nimerukia mbele. Kabla ya hapo kuna dukani, Gerezani, hapa Dar. Namwambia kijana nataka oili ya daraja la GL-5 kwa difu na ya GL-4 kwa gia boksi. "Zote uzito ni 90 tu mzee, unachagua nini?" Nikamfafanulia kwamba meno ya difu yanasuguana kwa kukandamizana sana, yanahitaji oili yenye dawa kali, dawa hiyohiyo, kwenye GL-5 nyingi, inaweza kula pete za shaba zilizomo kwenye gia boksi. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akamgeukia mwenzake: "Mpe mzee zile za bei kubwa."

Haya, nyumbani. Raha pekee ya gari refu ni kwamba unaingia uvunguni bila jeki, na ni vizuri ikae hivyohivyo tambarare, maana ikiinama upande kipimo kinakudanganya. Taabu ni kwamba mtaani kwetu mtu akiona miguu imechomoza chini ya gari, anajua amepata mtu asiyeweza kumkimbia. Baba Neema alifika kabla sijashika spana. Amewahi kumiliki bajaji, basi difu zote za dunia anazijua.

"Fungua ya chini kwanza, jirani, imwagike."

Hapana. Inaanza ya juu, ya kujazia. Ukishamwaga ndipo ya juu ikagoma, gari haina oili wala pa kuitilia, na fundi wa kuja nyumbani akisikia sauti yako tu kwenye simu anajua umebanwa, bei inapanda hapohapo. Yangu iligoma kweli. Spana ya 24, nikaongeza bomba, Baba Neema akaongeza ushauri. Ikaachia kwa mlio uliomtoa mama watoto jikoni. "Umeumia?" Sijaumia. "Beseni langu la kufulia liko wapi?" Nikanyamaza, kama vile nimeumia.

Nati ya chini ina sumaku. Ikatoka na tope la kijivu, laini, la kawaida kabisa. Meno yakisagana miaka yote hiyo unga hauna budi kuwepo. La kuogopa ni vipande. Lakini Baba Neema alishalichovya kidole, akalipeleka kwenye jua, akatikisa kichwa: "Difu hii imekwenda." Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa unanipa pole.

Kujaza ni mrija na subira. Unatia mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la juu, na inadondoka, bila kukosea, kwenye kwapa. Harufu ya oili hiyo ni sulfa, yai viza. Nimeoga kwa sabuni ya unga na mchanga, bado kanisani benchi langu nilikaa peke yangu kama mchungaji.

Oili chafu nayo ina wenyewe. Fundi seremala alitaka ya kupaka nguzo, mchwa wasimsumbue. Kijana wa bodaboda akaja na chupa, ya cheni. Ile yenye maji hakuna aliyeitaka. Iko kwenye dumu nyuma ya nyumba, inasubiri mtu wa kuichukua, na mama watoto ameipa siku mbili.

"Mzee," kijana wa boda akauliza, "nyingine lini?"

Nikamwambia, kama hakuna mto tena, kilomita 40,000. Akatoa simu, akapiga hesabu. "Hiyo ni Mbeya kwenda na kurudi kama mara 24 hivi. Nipe ufunguo mzee, mwezi huu huu tunaimaliza."