Laki moja au elfu thelathini, tofauti ni daftari tu

Naandika kuhusu kodi ya wafanyabiashara wadogo nikiwa bado nina hasira na sitaki zipoe kwanza, maana zikipoa nitaanza ile adabu ya "mamlaka husika ziliangalie suala hili" na hakuna mtu atakayesaidika.

Jirani yangu hapa Chamazi, Dar es Salaam, anauza chai, chapati na maandazi asubuhi, saa kumi alfajiri moto unawaka, saa tano kashamaliza anaosha masufuria. TIN, ile namba ya mlipakodi, anayo, makadirio ya kodi anafanyiwa na TRA, mamlaka ya mapato, kila mwaka, na kodi analipa kweli kweli, 25,000 kila robo mwaka, yaani 100,000 kwa mwaka, na robo zingine analipa kwa kukopa kwenye kikoba. Siku zote alikuwa anajua hiyo laki ndo kodi ya watu wa saizi yake, imepangwa huko juu na haina mjadala. Juzi tumekaa tunaongea ndo nikamuuliza dada kwa siku unauza ngapi, akasema ikiwa nzuri 20,000, ikiwa mbaya 14,000, tukaweka 17,000, tukatoa Jumapili na siku za misiba na za mtoto kuumwa zikabaki siku kama 300, mauzo ya mwaka yakaja milioni 5 na kidogo.

Sasa sikia. Jedwali la kodi ya makadirio lililowekwa 2019 kwa wafanyabiashara wadogo lina safu mbili, moja ya wasio na kumbukumbu, yaani daftari la mauzo na manunuzi, na moja ya walio nazo. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, hakuna kodi. Ukizidi milioni 4 mpaka milioni 7, kama huna kumbukumbu unalipa 100,000, hata kama umezidi kwa shilingi mia. Kama unazo kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Kwa mtu wa milioni 5 kilichozidi ni milioni 1, na asilimia 3 yake ni 30,000. Elfu thelathini kwa mwaka mzima! Huyu dada amekuwa akilipa karibu elfu sabini zaidi kila mwaka kwa sababu hana daftari, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia kuna kitu kinaitwa safu ya pili.

Panda ngazi moja uone. Mauzo ya milioni 7 mpaka 11, bila kumbukumbu ni 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 ukijumlisha na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, kwa hiyo kijana wa duka la vocha na soda anayeuza milioni 9 angelipa 150,000. Laki nzima imekwenda, na laki kwa mtu wa hivyo ni kreti za soda, ni ada ya mtoto, ni pango la mwezi la fremu huku kwetu.

Na daftari lenyewe si uhasibu wa chuo kikuu jamani. Tarehe, umeuza shilingi ngapi, umenunua nini kwa shilingi ngapi, risiti za jumla unazibana humo humo ndani, meseji za malipo ya simu usizifute. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu kumbukumbu ziwe kwa Kiswahili, na inataka uzitunze miaka 5. Kwa hiyo mwandiko wako wa "ngano mfuko mmoja, mafuta lita tano, mauzo leo 16,500" unatosha kuanzia, kama umeandikwa siku ile ile na si wote kwa kalamu moja usiku wa kuamkia siku ya kwenda TRA, maana hilo afisa analiona kabla hujakaa kwenye kiti.

Najua kuna mtu atasema TRA wanatoa elimu. Haya, nikubali. Wanapita mlango kwa mlango, wapo redioni, wana simu ya bure, wanafanya semina. Lakini mlango kwa mlango maana yake ni mlango, na mtu wa chapati hana mlango, ana meza na jiko pembeni ya barabara. Semina inakuwa siku ya kazi, mjini, ukumbini. Kwenda na kurudi kwa daladala pamoja na foleni ni siku imeisha, na siku ikiisha bila kuuza jioni nyumbani panakuwa pagumu. Na hiyo simu ya bure unampigiaje mtu kumuuliza kitu ambacho hujui kama kipo? Ukiamini kodi yako ni laki unapiga kuuliza nini?

Kinachoniuma ni kwamba njia ya kumfikia huyu mtu ipo na serikali inaijua vizuri sana. Mnakumbuka vitambulisho vya wajasiriamali vya Desemba 2018, vile vya 20,000? Vilitoka kwa Rais Magufuli vikaenda kwa wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, watendaji, vikashuka mpaka kwa dogo anayetembeza karanga stendi. Hakuna aliyesema watu wa chini hawafikiki. Mtendaji alizunguka, mwenyekiti alizunguka, kila mtu akajua bei na akajua maana yake. Kumbe tukitaka kukusanya 20,000 tunaweza kumfikia kila mtu kwenye kila kichochoro, ila tukitaka kumwambia mtu kwamba anaweza kulipa kidogo zaidi kwa mujibu wa sheria, inabidi yeye aje mjini. Hilo siwezi kulikubali na sioni kwa nini wewe ukubali.

Ofisi ya serikali ya mtaa ndo ofisi pekee ambayo watu wetu wanaingia bila kuogopa. Unaenda kuomba barua ya utambulisho, mambo ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, kushtakiana kuhusu maji ya mtaro, kuandikisha mgeni, unaenda na kanga yako na ndala zako. Januari mpaka Machi, kipindi cha makadirio, pale ndo palitakiwa pawe na meza. Siku moja tu kwa mtaa, tena jioni au Jumapili mchana. Akae mtu wa TRA, akae afisa biashara wa halmashauri, akae na afisa maendeleo ya jamii wa kata, na watu waambiwe leteni daftari mlionalo, asiye nalo aje aonyeshwe namna ya kuanza.

Afisa maendeleo ya jamii simtaji kwa bahati mbaya. Huyu ndo anayeshughulika na vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mpya, na watu wengi huku mtaani bado wanadhani imekufa. Wanaojua kwamba ipo wanaenda na kikundi chao wanaulizwa biashara inaingiza ngapi, na hawana pa kuonyesha. Daftari lile lile! Ungeandika mauzo yako mwaka mzima ungepunguza kodi mwezi Machi na ungekuwa na kitu cha kuweka mezani siku ya kuomba mkopo. Lakini kwa jinsi tulivyopanga mambo, mtu anakutana na mkusanyaji kwanza, halafu miaka mitatu baadaye kwa bahati anakutana na yule wa kumsaidia, na hao wawili wanalipwa na serikali moja na hawajawahi kukaa chumba kimoja mbele ya huyu mwananchi. Matokeo yake watu wanakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba za kuumiza, na nyie mnajua wakija kuchukua vitu ndani wanaanza na TV na mtungi wa gesi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alikwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena, wakasikilizwa tena. Sina ubaya nao, walikuwa na hoja za kweli. Ila muuza chapati akigoma nani atajua? Ataumia yeye na wanafunzi waliozoea kula pale. Ndo maana nasema wa kumsemea ni mwenyekiti wa mtaa. Tuliwachagua Novemba 27, 2024, walipita huku wakiomba kura nyumba kwa nyumba, kwa hiyo njia za kwetu wanazijua zote.

Kuhusu vishoka nitasema kidogo tu kwa sababu nikianza sitamaliza. TIN ni bure. Inaombwa kwenye mtandao wa TRA kwa namba yako ya NIDA. Ukienda steshenari ukamlipa kijana hela ya kukujazia na kukuprintia, hiyo ni kazi yake na anastahili. Ila akikwambia TIN yenyewe inauzwa 30,000, au ana mtu wake ndani atakayekushushia makadirio, huyo anakuibia, na mbaya zaidi anaweza kujaza biashara usiyofanya ukaja kukadiriwa kwa kitu usichokijua. Kodi hailipwi kwa kumpa mtu hela mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unabaki na ushahidi wako.

Wazee nao. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, sasa hivi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha kwa nyumba hiyo moja, lakini mita haijui umri wa mtu, inakata tu mpaka uende ukaombe. Nina wasiwasi kwamba wazee wengi wanakatwa kimya kimya. Hili nalo ni la serikali ya mtaa, wazee wote wanajulikana kwa majina na kwa nyumba.

Wapo wafanyabiashara wanaoficha mauzo, sikatai, wengine wana maghala na wanalia kama wana meza ya nyanya. Hao washughulikiwe. Lakini huyo mwenye ghala tayari ana mhasibu wa kumsomea jedwali, kwa hiyo kuficha jedwali hakumuumizi yeye.

Sasa kwa wewe unayesoma na una biashara ndogo, makadirio mwisho ni Machi 31, na ndo tarehe ya awamu ya kwanza pia, halafu Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Usikae ukasubiri wiki ya mwisho. Nenda na daftari hata kama lina miezi miwili tu, nenda na risiti zako, mwambie afisa wazi kwamba unatunza kumbukumbu na unaomba ukadiriwe kama mtu mwenye kumbukumbu. Ukikataliwa uliza sababu na omba iandikwe. Biashara ikianguka katikati ya mwaka, umeugua, umevunjiwa kibanda, usinyamaze ukaacha deni lilale, rudi uombe makadirio yarekebishwe. Umeacha biashara kabisa, toa taarifa, vinginevyo TIN inaendelea kuhesabu kana kwamba bado unauza. Ukiona makadirio hayana haki una siku 30 za kuweka pingamizi tangu upewe, siku 30 si nyingi, na kuna Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi inayopokea malalamiko ya watu wa kawaida bila malipo. Na wale mnaoshauriwa kufungua kampuni ili muonekane wakubwa, jueni kampuni haimo kwenye jedwali hili, ina hesabu zake na mzigo wake.

Dada yangu wa chapati ameanza daftari. Kaunta buku, anaandika mtoto wake wa darasa la sita jioni wakihesabu hela, na juzi kanionyesha kwa furaha kwamba Jumatano ndo siku yake mbaya kuliko zote, kitu ambacho hakuwahi kukijua miaka yote hiyo, kwa hiyo Jumatano sasa anakanda unga kidogo.

Kwa mtaa wetu tumeandika barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii, tunaomba meza ya makadirio siku moja kabla ya Machi 31, Jumapili kuanzia saa nane mchana, pale pale ofisini. Majina na sahihi tumekusanya kwa akina mama wa genge, mafundi cherehani na vijana wa bodaboda. Kama mtaa wenu mnataka kuandika ya kwenu niambieni, nitawapa maneno tuliyotumia mbadilishe jina la mtaa tu.