Jiolojia ya Jumla au ya Tawi Moja: Shahada ya Kwanza Katika Mizani

Kijana anayemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati), akitaka kusomea miamba, anakabiliwa na uchaguzi ambao wazee waliomtangulia katika fani hiyo hawakuwa nao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya shahada ya kwanza ya jiolojia ya jumla, zimeanzishwa pia shahada za jiolojia ya petroli, yaani ya mafuta na gesi, na jiolojia ya uhandisi, yaani ya ardhi inayojengwa juu yake, na kila moja huandikwa kwa jina lake kwenye cheti. Linalobishaniwa ni kama inafaa mwanafunzi aingizwe kwenye tawi tangu mwaka wa kwanza, au asubiri hadi awe ameuelewa mwamba wenyewe.

Wanaotetea matawi wana hoja nzito, na mara nyingi hazisikilizwi vizuri. Mwaka 2010 visima vya Pweza na Chewa viligundua gesi katika kina kirefu cha bahari ya Tanzania, na katika miaka iliyofuata makadirio ya gesi yote nchini yalipanda hadi futi za ujazo trilioni 57 hivi. Kazi hiyo ilihitaji watu wa kutafsiri data za mitetemo inayopitishwa chini ya ardhi, kukadiria ni kiasi gani cha gesi mwamba unaweza kuhifadhi na kupitisha, na kueleza namna mashapo, yaani mchanga na tope, yalivyojirundika baharini kwa mamilioni ya miaka. Elimu iliyozoea dhahabu ya Kanda ya Ziwa, inayopatikana katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, iliyokunjwa, kupasuka na kubadilishwa na joto, haimwandai mtu moja kwa moja kwa mashapo machanga ya pwani. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 nayo ilitaka Watanzania wapewe kipaumbele katika ajira. Kama vyuo visingewaandaa, kampuni zingepata kisingizio chepesi cha kuleta wageni.

Hata hivyo, hoja hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba soko litafika kwa wakati uleule ambao mhitimu anavaa joho, na soko la gesi halikufika. Mazungumzo ya mradi wa kusindika gesi asilia Lindi yalisimama, yakafufuliwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata makubaliano ya awali yakasainiwa, lakini vijana waliosoma wakiwa na picha ya mitambo ya Lindi vichwani walimaliza masomo kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa. Deni la Bodi ya Mikopo, kwa upande wake, halisubiri uamuzi wa wawekezaji.

Ni haki kukiri kwamba jiolojia ya jumla haina kinga dhidi ya misukosuko hiyo. Bei ya dhahabu ilifika karibu dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, ikaporomoka hadi chini ya dola 1,100 mwishoni mwa mwaka 2015, na bajeti ya kwanza kupunguzwa na kampuni za utafutaji nyakati kama hizo ni ya uchorongaji, yaani kutoboa miamba ili kupata sampuli, ambayo ndiyo inayowapa wajiolojia vijana ajira zao za mwanzo. Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika milango inayobaki. Mwenye shahada ya jumla anaweza kuhamia kwenye visima vya maji, machimbo ya kokoto au ushauri kwa wachimbaji wadogo bila kulazimika kueleza kwa nini cheti chake kinataja petroli. Mwenzake wa petroli huenda anayaweza hayohayo, maana misingi aliisoma, lakini itambidi amshawishi kwanza mtu anayepitia maombi mia kwa haraka.

Nchi yenyewe ina maswali mengi ya kijiolojia yasiyo na kampuni nyuma yake. Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu katika mji wa Katesh na vijiji jirani, hofu ya kwanza ya wengi ilikuwa kwamba volkano imeamka. Wataalamu waliokwenda huko walieleza kuwa hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua ikameguka. Arusha nako, ambako maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, chanzo kikubwa ni miamba ya volkano ambayo maji hupitia. Kazi kama hizi humhitaji mtu anayejua volkano, maji na mteremko kwa pamoja.

Kenya inatoa mfano unaofaa kupimwa. Jotoardhi ya Olkaria, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1981, ni utaalamu mahususi kabisa, lakini wajiolojia wengi wa Kenya walioujenga waliupata baada ya shahada ya kwanza, kwa mafunzo ya takriban miezi sita nchini Iceland yaliyoratibiwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Utaalamu uliongezwa pale mitambo ilipokuwepo. Kupanga hivyo kuna gharama, kwa kuwa kunategemea ufadhili na mwajiri aliye tayari kumwachia mfanyakazi wake, na si kila nchi imekuwa na bahati hiyo.

Kinachonisumbua zaidi katika kugawa shahada ni mafunzo ya uwandani. Kuchora ramani ya kijiolojia, yaani kutembea porini kwa wiki kadhaa na nyundo, dira na GPS, kupima mwelekeo wa tabaka na kuamua mpasuko unapita wapi pale udongo ulipoufunika, ndiyo sehemu ya shahada isiyoweza kufidiwa na kompyuta. Inahitaji magari, posho na wahadhiri wanaokubali kulala kwenye mahema. Idara ikiligawa fungu lilelile kwa makundi matatu, siku za porini ndizo hupungua kwanza, kwa sababu ukumbi wa mihadhara ni rahisi kuliko mafuta ya gari. Mwajiri naye hulalamika kwamba mhitimu hajui kuelezea sampuli ya mwamba, kazi ambayo stashahada ya Chuo cha Madini Dodoma humfundisha mtu kwa gharama ndogo zaidi.

Jiolojia ya uhandisi ningeiweka kando na hukumu hii. Mahandaki ya reli ya SGR Kilosa, Bwawa la Julius Nyerere, barabara na majengo marefu vyote huhitaji mtu wa kupima msingi, na hitaji hilo halitegemei bei ya dunia ya bidhaa moja. Petroli, kinyume chake, ingetosha kuwa kundi la masomo ya kuchagua katika mwaka wa mwisho, baada ya wanafunzi wote kupita porini pamoja, na idadi ya wanaolichagua ipande au ishuke kadiri mazungumzo ya Lindi yanavyokwenda.